Wali kwa Maharage ya Nazi: Chungu cha Tanga na Mshahara wa Mfanyakazi

Ndugu msomaji, ukitaka kujua watu wa Tanga wanakula nini, anza kutazama kando ya barabara kabla hujaufikia mji wenyewe. Ukiiacha njia panda ya Segera na kushika barabara iendayo mashariki, una safari ya kilomita zipatazo 70. Utapita Hale, penye kituo cha umeme wa maji ya Mto Pangani kilichoanza kazi mwaka 1964. Utapita mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari kama askari katika gwaride. Utafika Muheza, ambako katika msimu wake machungwa hurundikwa kando ya njia kwa vikapu na magunia. Ukikaribia Pongwe, minazi huanza kuonekana mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na upepo uingiao dirishani mwa basi huwa na unyevu wa bahari.

Wageni wengi wafikapo Tanga huulizia mapango ya Amboni yaliyo kaskazini ya mji, au magofu ya Tongoni yaliyo kusini. Wana haki ya kuuliza, na siku moja nawe ujaliwe kuyaona. Leo, hata hivyo, tutakwenda moja kwa moja hadi Ngamiani, mtaa wa tangu zamani wa wafanyakazi, ambao barabara zake huitwa kwa hesabu: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na kuendelea. Tutaingia uani, tuvute kigoda, tuchungulie chungu kimoja tu. Ni chungu cha wali na maharage ya nazi.

Pengine utauliza: kuna nini cha kusafiria katika maharage? Swali hilo ndilo lililotuleta. Kila mfanyakazi wa mjini anazijua zile siku za katikati ya mwezi ambapo mshahara umekwisha kugawanyika kati ya kodi ya nyumba, nauli, ada na madeni ya dukani, na mshahara mwingine bado uko mbali. Siku hizo ndipo maharage huingia nyumbani. Huingia kwa unyonge, yamechemshwa chukuchuku, yana chumvi na maji. Baba hununa, watoto huulizana kama leo tena ni yaleyale, na mama aliyesimama motoni tangu adhuhuri huonekana kana kwamba ana hatia. Wengi wetu tumeyajua maharage katika mabweni ya shule na katika makambi, na tumeondoka huko na imani kwamba ni chakula cha mtu asiye na hiari.

Tanga mambo ni mengine. Chakula kilekile, kwa fedha ileile au iliyopungua, huwekwa mbele ya mgeni bila haya. Tofauti imo katika kujua vitu vinatoka wapi, vinanunuliwa lini, na vinapikwaje. Wahenga walisema kwamba mchele ni mmoja, lakini mapishi ni mbalimbali.

MAHARAGE YA MLIMANI

Tuanze na safari ya maharage. Kutoka Mombo, mji mdogo ulioko chini ya mlima, barabara hupanda kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto. Hupanda kwa kujipinda-pinda, upande mmoja jabali, upande wa pili bonde, hupita Soni penye maporomoko ya maji, na mwisho hukufikisha kwenye baridi inayomfanya mtu wa pwani atafute sweta. Hiyo ndiyo milima ya Usambara, na wakulima wake, Wasambaa, hupanda maharage pamoja na mahindi katika mvua za masika na tena katika mvua za vuli.

Zao hili lina tabia njema mbili. Kwanza, hukomaa upesi, kwa miezi mitatu hivi, hivyo mkulima hapati kungoja mwaka mzima. Pili, mizizi yake huota vifundo vidogo ambamo wadudu wasioonekana kwa macho huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Ndiyo sababu mahindi yaliyokaa jirani na maharage hufaidika. Watafiti wetu nao hawakulala. Kutoka kituo cha Lyamungu, karibu na Moshi, ilitolewa mbegu ya Lyamungu 85 mwaka 1985, ikafuatwa na Lyamungu 90 mwaka 1990, nazo zimeenea sana katika mashamba ya kaskazini.

Gunia la maharage likishateremka Mombo huingia barabara kuu, kisha hufika Tanga kwa lori. Njia hiyo ni jirani ya ile ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Wakoloni Wajerumani waliijenga ili mazao ya mashamba yao yapate kushuka bandarini. Hata hivyo njia ikishafunguka haichagui mzigo, na chakula cha mlimani kikapata mlango wa kushukia pwani.

Katika mwaka uleule wa 1893 mkonge uliletwa pande hizi na Dakta Richard Hindorf. Katika miche aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yakazuka mashamba makubwa, na mashamba yakaita watu kutoka mbali, wale walioitwa manamba. Posho ya manamba ilikuwa ni unga na maharage yaliyopimwa kwa kopo. Basi, ndugu msomaji, maharage katika mkoa huu yana historia ya jasho, wala hatuna haja ya kuificha.

MCHELE WA BONDENI

Kiswahili hakikuupa mchele jina moja. Ukiwa shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishapikwa ni wali. Lugha haifanyi kazi kubwa namna hiyo kwa kitu kisichopendwa. Hata hivyo kwa mababu wa pwani wali haukuwa chakula cha kila siku. Ulikuwa wa Idi, wa harusi, wa hitima na wa mgeni. Siku nyingine watu walikula muhogo, ndizi, mahindi na mtama.

Leo mchele huingia Tanga kutoka pande nyingi za nchi. Wa karibu ni ule wa mabonde ya Korogwe, hasa Mombo, ambako maji ya mlima huongozwa kwa mifereji hadi majarubani. Wa mbali hutoka Mbeya na Morogoro, na wenye sifa kuu ya harufu ni ule wa Kyela. Mwenye fedha chache asiukimbilie wa Kyela. Aulizie mchele wa karibu, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, au aulizie chenga. Chenga ni mchele uliovunjika mashineni. Haupendezi machoni, lakini tumboni hauna upungufu wowote, na bei yake ni nafuu. Ukipikwa kwa tui, mlaji atauona uzuri wake mdomoni.

NAZI YA PWANI

Kitu cha tatu ni nazi, nacho ndicho kinachoufanya mlo huu kuwa wa Tanga. Kutoka mjini hadi Pangani ni kilomita zipatazo 50 kuelekea kusini, na katika njia hiyo mnazi ndio mti wa karibu kila kiambo. Watu wa pwani wameupa mnazi majina ya umri kama wazazi wanavyompa mtoto: kidaka, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi. Anayejua majina hayo hadanganyiki sokoni. Koroma ni nzito na ya kupendeza, lakini tui lake ni maji matupu. Itikise. Nazi iliyokomaa husikika maji yakicheza ndani, ganda lake limekauka, na macho yake matatu hayana ukungu wala unyevu. Wahenga wametuonya kwamba nazi mbovu ni harabu ya nzima, na anayepika anajua kwamba methali hiyo ilianzia chunguni, kwani tui la nazi moja iliyooza huharibu chungu kizima.

Hesabu sasa faida yake. Maji yake hunywewa na mtoto anayetumwa kuivunja. Nyama yake hukunwa ikatoa tui, ambalo ni mafuta na kiungo kwa wakati mmoja. Machicha yanayobaki hupewa kuku. Vifuu huwashwa jikoni, navyo hutoa moto mkali unaopunguza mkaa. Makumbi hufumwa kamba au huwa kuni. Hivyo anayenunua nazi amenunua mafuta, kitafunwa cha kuku na sehemu ya moto wa kuipikia.

Walio na umri wa kukumbuka wataishuhudia thamani hiyo. Katika ukame wa miaka ya 1974 na 1975 nchi yetu ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo, na kwa muda watu wa mijini walikula ugali wa unga wa njano waliokuwa hawajauzoea. Mwaka 1975 ndipo ilipoendeshwa kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyokusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza juu ya lishe. Miaka ya mwanzo ya 1980 nayo ilikuja na foleni za mafuta ya kupikia, sabuni na sukari. Mwanamke wa bara aliyekosa mafuta alichemsha. Mwanamke wa Tanga alivuta mbuzi yake ya kukunia nazi, akakaa, akakuna. Foleni haikupungua kwa hilo, lakini kitoweo cha watoto wake kiliungwa.

SOKONI

Safari hizi tatu, ya mlimani, ya bondeni na ya pwani, hukutana sokoni. Ukiwa na kapu lako katika soko la Ngamiani au la Mgandini, yafaa ukumbuke mambo machache.

Joto na unyevu wa pwani ni adui wa maharage. Yakikaa miezi mingi ghalani yanakuwa magumu, na hata uyachemshe kutwa nzima hayalainiki. Mkaa utakaouteketeza utakuwa na bei kuliko maharage yenyewe. Kwa hiyo uliza mavuno ya lini. Maharage mapya yana rangi inayong'aa, na ganda lake halijasinyaa. Yaliyofifia na yenye vitundu yamekwisha kuliwa na fukusi. Nunua ya wiki mbili au tatu, usinunue ya mwaka, ila kama una chombo kikavu cha kufunga barabara.

Pili, usinunue mchanganyiko kwa kushawishiwa na bei. Maharage ya aina nyingi katika gunia moja hayaivi pamoja. Madogo yatakuwa yamepondeka wakati makubwa yangali yanagonga sufuria. Chagua aina moja. Ya njano yana mchuzi mzito na husifiwa sana, na ndiyo sababu yana bei. Mekundu ya kawaida hutosha kabisa kwa mapishi ya nazi.

Tatu, linganisha vitoweo kwa kile kinachobaki sahanini. Nusu kilo ya maharage makavu ikishaiva huzidi kilo moja. Samaki hupungua akisafishwa na akipikwa, na nyama hali kadhalika. Shilingi haiwezi kuongezwa kwa kuitazama, lakini maharage huongezeka kwa kuyaloweka.

JIKONI

Hatutataja bei hapa, kwa kuwa bei hubadilika kabla wino haujakauka. Tutataja vipimo. Kwa watu sita wenye njaa ya kazi, chukua mchele kilo moja, maharage nusu kilo, nazi mbili, vitunguu viwili, nyanya tatu, chumvi, na pilipili mbuzi moja kwa anayependa. Kama kuna karoti au pilipili hoho, karibu. Kama hakuna, mlo hautasimama kwa ajili yake.

Kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya kupika. Chambua maharage, toa vijiwe, yaoshe, yaloweke katika maji mengi hadi asubuhi. Maji hayo ya kulowekea yamwage, kwani hubeba sehemu ya vile vinavyojaza tumbo hewa. Tia maji mapya na uyachemshe kwa nguvu. Hapa pana jambo ambalo wengi hawakuambiwa: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuendesha. Sumu hiyo huangamizwa na mchemko wa kweli wa dakika zisizopungua 10. Moto wa uvuguvugu hauiangamizi. Basi kwanza yatokote sawasawa, ndipo upunguze moto.

Usitie nyanya wala ndimu mapema, kwa maana uchachu huyazuia maharage kulainika. Usikimbilie magadi pia. Ni kweli magadi huharakisha, ila huharibu vitamini B1, na haifai kuokoa kijiko cha mkaa kwa kutupa chakula kilichomo ndani ya chakula. Maharage mapya yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa saa moja au moja na nusu.

Kwa anayetaka kuokoa mkaa zaidi, lipo jiko la kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kitandike kwa nguo kuukuu, majani makavu au mabaki ya magunia ya katani, ukiacha nafasi ya sufuria katikati. Maharage yakishatokota kwa nguvu dakika 20, funika sufuria vizuri, ipua, itie kikapuni ikiwa ingali inafuka, ifunike kwa mto au blanketi, uende zako kazini. Joto lililomo litaendelea kuyapika bila mkaa hata mmoja. Ukirudi, yachemshe tena mpaka yatokote kabla hujayaunga. Mfanyakazi anayerudi nyumbani jioni ataona faida yake wiki ya kwanza.

Sasa nazi. Vunja, kuna kwa mbuzi, au ipeleke kwa mwenye mashine sokoni kama mgongo hauruhusu. Tia nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, kamua kwa nguvu, chuja kwa kifumbu. Hilo ni tui la kwanza, zito kama maziwa ya mtindi. Liweke kando na uligawe mafungu mawili. Rudia kukamua kwa maji mengi zaidi mara ya pili na ya tatu. Hilo ni tui jepesi, la kupikia.

Maharage yaliyoiva yabaki na mchuzi kidogo. Tia vitunguu, nyanya, chumvi na kikombe kimoja au viwili vya tui jepesi. Yaache yachemke hadi nyanya ziyeyuke. Ponda mwiko mmoja wa maharage ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Mwisho mimina fungu moja la tui zito, na tangu hapo usiache kukoroga taratibu kwa upawa, ukielekea upande mmoja, mpaka lichemke kidogo. Ukiliacha peke yake juu ya moto mkali tui litakatika, mafuta yatakwenda huku na maji kule. Likishashika, ipua. Hapana haja ya tone la mafuta ya dukani.

Kwa wali, hesabu vikombe viwili vya tui kwa kila kikombe cha mchele, jepesi na zito kwa pamoja, na likipungukiwa lijazie maji. Mchele mpya na chenga upunguzie kidogo. Chemsha tui jepesi pamoja na chumvi, tia mchele uliochambuliwa na kuoshwa, koroga mara moja tu. Maji yakikaribia kukauka mimina tui zito lililobaki, funika, toa makaa mengi chini ya sufuria na upalie machache juu ya mfuniko. Robo saa baadaye wali umekauka punje kwa punje, haukuwa bokoboko, na chini yake umefanya ukoko ambao watoto wataugombea. Mpishi mwenye hekima huugawa ukoko huo kwa zamu, ili ugomvi wa leo usiwe wa kesho.

Mwenye nazi moja tu asikate tamaa. Tui zito lote alipe maharage, na jepesi alipikie wali. Harufu itaingia kote kuwili.

MWILI NAO UNA HESABU ZAKE

Msomaji mwenye watoto atataka kujua kama mlo huu unashibisha tumbo tu au unajenga na mwili. Katika gramu 100 za maharage makavu kuna gramu zipatazo 22 za protini, na katika mchele kuna zipatazo 7. Lakini hesabu ya kujumlisha haitoshi kueleza jambo lenyewe. Protini hujengwa kwa vipande vidogo vingi, kama nyumba ya matofali ya namna mbalimbali. Kipande kilicho haba katika mchele kiko tele katika maharage, na kile kilicho haba katika maharage kimo katika mchele. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Mabibi zetu hawakusoma habari za vipande hivyo katika kitabu chochote, nao waliviunganisha vizuri.

Maharage yana pia madini ya chuma yanayohitajiwa na damu, hasa damu ya mama mjamzito na ya mtoto anayekua. Chuma hicho ni kigumu kidogo kuingia mwilini peke yake, na kinasaidiwa sana na vitamini C. Ndipo machungwa ya Muheza tuliyoyapita njiani yanaporudi mezani. Chungwa moja lililoliwa pamoja na mlo, au kachumbari ya nyanya iliyokamuliwa ndimu, huyafanya maharage yaleyale kutoa chuma zaidi. Chai hufanya kinyume. Chai ya rangi inywewayo papo hapo juu ya chakula hukizuia chuma kisiingie. Milima yetu ya Usambara inatoa chai njema, na hatusemi iachwe. Tunasema ingoje saa moja baada ya kula.

Nazi yenyewe ina mafuta mengi. Kwa mtu wa kazi za mwili si neno, lakini mzee mwenye maradhi ya moyo apakuliwe maharage kabla ya kutiwa tui la kwanza, na hatakosa utamu.

CHUNGU KINACHOHITAJI ULINZI

Ingekuwa si haki kukusifia chungu hiki bila kukuambia kinachokitishia. Mnazi haupandwi leo ukavunwa kesho. Mnazi mrefu wa pwani yetu huchukua miaka sita au saba hivi kabla ya kuzaa. Wakati huohuo kuna ugonjwa unaoyageuza majani yake manjano, ukaangusha nazi changa na kuuacha mti umesimama kama nguzo ya simu. Kuna pia mdudu anayefyonza vidaka hadi vinaanguka. Mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwaka 1979 ulishughulika na mambo hayo, na kati ya yaliyothibitika ni kwamba wale siafu wekundu wa mitini, wanaoitwa majimoto, ni walinzi wa mnazi dhidi ya mdudu huyo. Mtu anayewaunguza majimoto kwa sababu wamemuuma anajifukuzia askari wake mwenyewe.

Minazi mingi tunayoivuna ilipandwa na watu waliokwisha kufariki. Viwanja vya nyumba vinapanuka kuelekea Pangani, na mnazi ukatwao kupisha msingi wa nyumba aghalabu haupandiwi mwingine. Mwenye kiwanja angalau ana nafasi ya mmoja uani. Asipoupanda, mjukuu wake atanunua tui lililofungwa katika kopo kutoka nchi nyingine, akiwa amekaa pwani.

Mkaa nao una habari yake. Gunia linaloingia mjini ni mti ulioanguka mahali fulani bara, na miti hiyohiyo ndiyo inayoshika maji yanayonywesha mpunga wa bondeni na maharage ya mlimani. Anayeloweka maharage yake usiku, akatumia kikapu na kuwasha vifuu, anajiokolea shilingi na wakati uleule analinda chungu chake cha kesho.

Na liko jambo la mwisho la kuangalia ndani ya nyumba zetu. Tumesema chungu hiki ni rahisi, lakini kuna mtu aliyechambua, akaloweka, akakuna, akakamua na kukoroga. Kazi hiyo haionekani katika hesabu ya shilingi, na mara nyingi ni ya mtu mmoja. Mtoto wa kiume ana mikono ya kukuna nazi. Baba arudiye saa kumi anaweza kuchambua mchele huku akisikiliza redio. Unafuu unaopatikana kwa kumchosha mama peke yake si unafuu wa nyumba nzima.

Ukifika Tanga, basi, hata kama ni kwa siku moja ya shughuli za bandarini au za jamaa, usishike njia ya kurudi kabla hujaketi kwa mama lishe mmoja wa mjini na kuomba wali kwa maharage. Angalia mchuzi usivyokatika. Angalia wali usivyoshikana. Muulize maharage yake yametoka wapi, naye atakutajia Lushoto au Soni kama mtu anayetaja kwa ndugu zake. Kisha ukirudi kwako, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au popote ulipo, ukazikuta tarehe zile za katikati ya mwezi zinakungoja mlangoni, loweka nusu kilo yako usiku huo, na asubuhi mtume mtoto akanunue nazi iliyokomaa.